Injini mpya ya mashua haivuki mizunguko 2600, inatoa moshi mweusi na kuchemsha

Swali: Shikamoo fundi. Nina mashua ya futi 34 hapa Pangani, napeleka wageni Maziwe. Mwezi uliopita tulitoa injini ya zamani, silinda mbili, mizunguko 2000, gia ya 2 kwa 1. Tukaweka mpya ya dizeli, silinda tatu, farasi 30, gia ya 2.6 kwa 1. Kitabu kinasema ifike 3600 lakini nikiitia gia haivuki 2600, na hapo inatoa moshi mweusi mpaka masizi yanaelea nyuma ya tezi. Gia ikiwa huru inafika 3800 bila shida. Nikiikandamiza dakika ishirini inachemsha na king'ora kinalia. Pia inatetemeka kuliko ile ya zamani nikipita 1500. Propela (imegongwa 18 x 14), shafti, tanki na bomba la ekzosi ni vile vile vya zamani. Aliyeniuzia anasema imefungwa vibaya. Fundi anasema injini ni mbovu, anataka tufungue pampu ya nozeli. Halafu juzi tulirudi kwa tanga, tulipofika mdomo wa mto injini ikagoma, tukakokota starta muda mrefu ndipo ikawaka. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, nahodha. Umeandika sana juu ya moshi, lakini kilichonishtua ni lile la mwisho ulilolitaja kama jambo la kupita. Mmerudi kwa tanga, injini ikagoma, mkakokota starta muda mrefu. Tuanze hapo, kwa sababu moshi unaweza kusubiri mpaka wiki ijayo na hili haliwezi.

Pampu ya maji ya bahari huzunguka kila injini inapozunguka, hata ikizungushwa na starta tu. Injini ikiwaka, moshi huyasukuma maji yatoke nyuma. Isipowaka hakuna cha kuyasukuma, kwa hiyo yanaingia kwenye sailensa na kukaa humo. Kokota, pumzika, kokota tena: sailensa inajaa, maji yanapanda bomba na kuingia silinda kupitia valvu ya ekzosi iliyoachwa wazi. Pistoni hubana hewa. Maji hayabaniki, kwa hiyo kitakachopinda ni konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Kuna na njia ya pili, ya kimya zaidi. Kwenye mashua injini hukaa chini karibu na mkuku, na kile kiwiko ambapo maji hukutana na moshi mara nyingi kiko chini ya usawa wa bahari. Mkizima injini na kutweka tanga, maji yanaweza kuendelea kujivuta yenyewe kupitia pampu, kama vile ukinyonya dizeli mara moja kwa mpira ikaendelea kutiririka kutoka kwenye dumu bila kunyonywa tena. Mnafurahia kusi, huku chini ya ubao sailensa inajaa taratibu.

Kwa hiyo leo, kabla hujaigusa starta, chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa. Maji yameshafika ndani, na kazi ya kwanza itakuwa kufungua nozeli, kuizungusha injini kwa mkono mpaka maji yatoke, kisha kubadilisha oili zaidi ya mara moja. Ukiikuta safi, shukuru, halafu mulika tochi kwenye ule mpira unaopeleka maji ya bahari kwenye kiwiko. Unapaswa kupanda juu, ufanye tao, ndipo ushuke kwenye kiwiko. Juu kabisa ya tao kuwe na kivalvu kidogo cha kuingiza hewa. Tao liwe angalau sentimita 30 juu ya usawa wa maji, na lifungwe karibu na mstari wa katikati ya chombo, la sivyo mashua ikilalia upande mmoja kwa upepo tao lenyewe linazama. Mafundi wengi waliozoea magari hulisahau, kwa sababu gari halielei.

Mpaka tao liwepo, kila ukizima injini funga bilula ya maji ya bahari na utundike ufunguo wa injini kwenye mkono wa hiyo bilula. Hapo huwezi kuwasha bila kuifungua. Na starta ikikataa mara ya tatu, funga bilula ndipo uendelee kujaribu. Injini ikiwaka tu, fungua bilula upesi, maana impela (gurudumu la mpira ndani ya pampu) bila maji huungua ndani ya muda mfupi sana.

Sasa moshi.

Fundi wako asiiguse pampu ya nozeli. Ina sili ya kiwandani, na ikishakatwa, dhamana imekwenda na hutakuwa na neno la kumwambia muuzaji. Tena namba ulizoniandikia zinaitetea injini. Gia ikiwa huru inafika 3800: maana yake kebo ya mafuta inavuta mpaka mwisho, gavana (kidhibiti cha mizunguko) inafanya kazi, na dizeli inafika. Ukiitia gia inakwama na moshi unakuwa mweusi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Injini iliyokosa dizeli hufanya kinyume: inapungua nguvu, inayumba, inazima, lakini haitoi masizi. Yako inapewa chakula kingi na mzigo usiobebeka.

Mzigo wenyewe umeuandika kwenye mabano. 18 ni kipenyo cha propela kwa inchi. 14 ni pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa kila mzunguko kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Injini ya zamani ilizunguka 2000, gia ikagawa kwa 2, propela ikapata 1000 kwa dakika. Injini mpya ikiwa 2600 ukigawa kwa 2.6 unapata ngapi? 1000 ile ile! Propela yako haijui kwamba umebadilisha injini. Inazunguka kwa mwendo iliouzoea miaka yote, na injini mpya imefungwa nira hapo hapo.

Ili injini ifike 3600, propela lazima izunguke 1385. Kwa pichi ya 14 huo ni mwendo wa maili 16 za bahari kwa saa kama maji yangekuwa ubao. Maji si ubao, propela huteleza, na kwenye chombo kizito cha tanga kuteleza karibu nusu si ajabu. Lakini mashua ya futi 34, ambayo sehemu inayokaa majini labda ni futi 29, inaishia kwenye maili 7 hivi. Ukiongeza nguvu hapo, tezi (nyuma ya chombo) inazama na omo (mbele) inanyanyuka, mwendo hauongezeki. Kwa mashua yako na gia yako pichi hiyo ni kubwa mno.

Kwa kawaida ukipunguza pichi kwa inchi moja, injini hupata mizunguko kama 150 mpaka 200. Ukipunguza kipenyo kwa inchi moja, hupata 300 au zaidi kidogo. Wewe unatafuta 1000. Mimi ningeanza na 17 x 11, idadi ya mapanga ikiwa ile ile ya sasa, kisha ningepima. Kabla ya kuagiza, simama nyuma ya mashua ikiwa imepwelewa, utazame kuelekea omo, mtu ndani azungushe shafti kwa upande wa kwenda mbele. Ikizunguka kama mshale wa saa ni ya kulia, ikienda kinyume ni ya kushoto. Nimeshaona mtu amesafirisha propela mbali, akaifunga, na mashua ikaondoka kinyumenyume.

Na usikubali mtu akate ncha za hiyo ya zamani kwa grainda pale ufukweni ili "kupunguza mzigo". Inawezekana kupunguza kipenyo, lakini ni kazi ya karakana yenye kifaa cha kupimia uwiano wa mapanga. Panga moja likizidi jingine gramu chache tu, utaletewa mtetemeko ambao hutajua umetoka wapi. Hiyo 18 x 14 iweke stoo, ipo siku itafaa chombo kingine.

Kabla hujatoa pesa ya propela, fanya majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni hewa. Injini ya ukubwa huo, ikiwa na ujazo wa lita 1.1 au karibu na hapo, ikifika 3600 hunyonya kama lita 2000 za hewa kila dakika, na wewe nahisi umeifungia kwenye sanduku zuri la mbao ili wageni wasisikie kelele. Nenda kwenye maji ya kina, bahari tulivu, tanga limeshushwa, piga resi mpaka mwisho usome mizunguko. Kisha mtu afunue sanduku lote wakati injini inaendelea. Mizunguko ikipanda 100 au 200 na moshi ukapungua, sanduku linahitaji matundu makubwa. Usipoona tofauti, liache kama lilivyo.

La pili ni ekzosi. Kama bomba la zamani ni la inchi moja na nusu, injini ya farasi 30 inataka lipatalo inchi 2, angalia kitabu. Bomba jembamba, lenye viwiko vingi, au lenye masizi ya miaka kumi ndani, hurudisha moshi nyuma na kuizuia injini kupumua. Fungua klampu za mpira kwenye kiwiko, chungulia ndani. Ukiona tundu limebaki la kuingiza kidole gumba, umepata sababu ya pili. Mimi bomba ningelibadilisha vyovyote, kwa sababu mpira uliopikwa na injini moja sioni kwa nini urithiwe na nyingine.

Na chini ya mashua je? Kama hamjaipandisha ufukweni kuisugua na kuipaka deheni tangu masika, magamba yaliyoota kwenye mapanga ya propela peke yake yanaweza kula mizunguko mia kadhaa. Subirini bamvua, siku za kupwa kukubwa, maji yakitoka sugueni propela ing'ae, ndipo mpime. Msipofanya hivyo utanunua propela ya kurekebisha uchafu.

Upande wa dizeli nitapita haraka, kwa kuwa dalili zako haziko huko, isipokuwa lile la kugoma. Mashua ikilala kwa tanga, dizeli tankini inasogea upande, na kama kuna uwazi mdogo kwenye bomba kati ya tanki na pampu, hewa inaingia. Hutaona dizeli ikivuja mahali hapo. Upande huo unanyonya, kwa hiyo unavuta hewa ndani badala ya kumwaga dizeli nje, na ndiyo maana watu huutafuta siku nzima wasiuone. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani baada ya chujio la kwanza, utaona mapovu yakipita. Njia nyingine ni dumu: jaza dizeli safi kwenye dumu la lita 20, tumbukiza mpira wa kunyonya na wa kurudisha humo humo, endesha saa nzima. Tabu ikiondoka, kosa liko kwenye tanki au bomba lake. Niliwahi kukaa siku tatu nikifungua nozeli za mashua iliyokuwa inazima kila baada ya dakika ishirini na kuwaka tena bila kinyongo. Mwisho tukamwaga tanki tukakuta kipande cha mfuko wa nailoni, ukubwa wa kiganja. Kilikuwa kinavutwa mpaka kinaziba mdomo wa bomba, injini inazima, mvuto unakoma, nacho kinaanguka taratibu chini kikisubiri zamu nyingine. Jaribio la dumu lingeniambia hivyo asubuhi ya siku ya kwanza.

Kuchemsha, sehemu yake itaondoka na propela. Injini inayosukuma mzigo usiokuwa wake huzalisha joto kuliko kipoza kilivyokusudiwa kubeba. Lakini wewe uko Pangani, na ule mto ukija na tope la masika maji yake ni kahawa, kwa hiyo usiiachie propela lawama zote. Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Ninginiza ndoo chini ya mdomo wa ekzosi, injini ikiwa 1000, hesabu sekunde mpaka ijae. Rudia ikiwa 2000. Pampu ya impela hutoa maji kulingana na mizunguko, kwa hiyo ya pili inapaswa kujaa kwa takriban nusu ya muda wa kwanza. Isipokuwa hivyo, njia ya kunyonya imebanwa: chujio lina mchanga, bilula ni ndogo, au fundi ametumia mpira laini ambao unajikunja ndani pampu ikivuta kwa nguvu. Huo mpira ushike kwa mkono wakati mtu anapiga resi. Ukiusikia unabonyea, umeupata. Weka wenye waya ndani.

Maji yakiwa mengi na bado inachemsha, tazama upande wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) yanayozunguka ndani ya injini. Injini mpya ikijazwa haraka hubaki na povu kubwa la hewa karibu na thamostati. Ikiwa imepoa kabisa (nasema kabisa, usifungue kifuniko cha moto ukaja kunilaumu na uso wenye malengelenge), fungua, jaza, legeza skrubu ya juu ya kutolea hewa, washa taratibu, ongeza mpaka mapovu yakome.

Mtetemeko. Hapa ndipo ninapomshuku fundi kidogo, bila kumvunjia heshima. Alipangilia injini na shafti mashua ikiwa wapi? Kama ilikuwa nchi kavu, kazi hiyo irudiwe. Chombo cha mbao kikikaa juu ya magogo hukaa umbo moja, kikielea hukaa jingine. Kiache majini siku nzima au zaidi, ndipo ulegeze boliti za kaplingi (kiungo cha gia na shafti), uzisogeze flenji (sahani za kaplingi) mbili zikutane kwa mkono, uingize fidla geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) juu, chini, kushoto na kulia. Kwa flenji ya inchi 4, tofauti kati ya uwazi mkubwa na mdogo isizidi milimita 0.1, ambayo ni kama unene wa karatasi moja ya daftari. Kisha zungusha shafti nusu duara na upime tena. Uwazi mkubwa ukibaki pale pale ulipokuwa, injini ndiyo haijakaa sawa: rekebisha nati za mipira inayokaliwa na injini, robo zamu kwa robo zamu. Ukihama pamoja na shafti, basi shafti au flenji yake imepinda, na kuhangaika na nati ni kupoteza mchana.

Mashua ikiwa imepwelewa, shika shafti kwa nje karibu na propela uinyanyue. Ikicheza kwa wazi, bushi ya mpira imekwisha. Pakini (kizuizi cha maji pale shafti inapotoka nje) nayo isibanwe mpaka ikauke. Inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na ukiigusa baada ya safari iwe vuguvugu tu. Fundi akijisifu kwamba pakini yake haitoi hata tone, gusa kwanza ndipo umpongeze.

Utaratibu wangu ungekuwa huu: leo kijiti cha oili na bilula. Kesho ndoo, dumu na sanduku. Bamvua likija, kusugua chini, kupima bushi na kusoma upande wa propela, kisha kuagiza. Ikifika, ifungwe maji yakiwa yamekupwa, lakini kaplingi ipangiliwe mashua ikielea. Wakati wote huo wa kusubiri, wageni wapeleke, ila usivuke pale moshi unapoanza kuonekana. Nadhani itakuwa 2000 hivi. Usiiache pia ikinguruma bila mzigo kwa saa nyingi ukidhani unaitunza, silinda mpya hazipendi hilo. Na saa 50 za kwanza zikitimia, oili na chujio lake vibadilishwe, hata kama oili inaonekana nzuri.

Baada ya propela mpya, jaribu na abiria kamili, resi mpaka mwisho. Ikifika 3600 au ikazidi kidogo bila masizi, safari zako za kila siku ziwe kati ya 2600 na 2800. Ikikwama 3300, propela irudi karakana ipunguzwe pichi inchi moja au mbili. Ikipita 3800 kirahisi, tumepunguza mno na tutarudisha.

Niandikie sekunde za ndoo zote mbili, na rangi ya kijiti. Hiyo rangi nitumie leo leo.